Shati Jeupe la Mwalimu wa Meli

Jumatatu, 3 Machi

Kitabu hiki nimepewa na Matheka. Kila ukurasa una tarehe yake, na juu ya jalada kuna picha ya meli kubwa kuliko kanisa letu. Kampuni yao ya meli iliwagawia wafanyakazi, naye akaniambia, "Mama, chukua uandike mambo yako." Nikacheka. Mambo yangu ni yapi? Mimi ni Wayua, mjane wa Nzau, fundi pale soko la Kariokor, kazi yangu kushonea vyondo mikanda ya ngozi. Shule niliiacha darasa la saba. Lakini mwandiko ninao, tena mzuri. Mwalimu wetu alikuwa akibeba daftari langu kuwaonyesha wakubwa ili waone haya.

Haya basi, jambo la kwanza la kuandikwa: mwanangu ni injinia wa meli, na tangu Januari anafundisha chuoni.

Jumanne, 4 Machi

Anafundisha Jumanne na Alhamisi tu, maana bado ni mtu wa bahari. Kampuni ikimwita anapanda ndege kuifuata meli popote ilipo. Yeye husema, "Mama, usiwaambie watu mimi ni profesa. Mimi ni mwalimu wa muda." Nikamwambia jua nalo huja mchana tu, na hakuna anayeliita la muda.

Shati lake la kufundishia ni jeupe, lina mistari ya dhahabu mabegani; anayo mawili ya kupokezana. Anaishi Umoja, lakini shati nafua mimi, maana hakuna dobi anayeijua kola kama mama. Halafu naanika. Hapa Makongeni nyumba zetu ni za reli, mlango unatazama mlango, na waya wa nguo ni wa wote. Mtu akijifungua, tunaona nepi. Mtu akipata kazi ya ulinzi, tunaona sare kabla hajatuambia. Mimi na Mama Jacklyne wa mlango wa pili tuna waya wetu mmoja tangu Jacklyne akiwa wa kubebwa. Mumewe, Mzee Caleb Aloo, alikuwa fundi wa reli, sasa amestaafu.

Shati hukauka haraka. Mimi huliacha mpaka jioni.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Mama Ndinda amesema tena habari za mwanawe aliye Amerika. Nikamwuliza, "Na hiyo Amerika, anaiendesha yeye?" Kina mama wakacheka mpaka mchungaji akageuka.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimemwona akifundisha kwa macho yangu.

Alisahau chakula chake kwangu, nami nikakifunga na kukipeleka. Chuo kiko orofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Mtu angecheka, chuo cha ubaharia Nairobi, mahali ambapo maji tunayasubiri kwa mtungi. Lakini injini haitaki bahari, inataka akili. Yao iko chini, uani, imefungwa kwenye vyuma. Ni ya lori kuukuu, na Matheka ameipaka rangi ya kijani kama za melini.

Nilisimama kando ya ukuta na kikapu changu. Wanafunzi walikuwa wamemzunguka. Alikuwa ameiharibu makusudi, kisha akawaambia, "Tuko katikati ya bahari. Imezima. Mawimbi yanatupiga ubavu. Semeni."

Kijana mmoja mrefu, miguu kama ngazi, akasema, "Mwalimu, mimi naomba kwanza niitiwe helikopta." Wakaangua kicheko. Huyo ni Munyoki, kaka yake Mutheu, mchumba wa Matheka, yaani shemeji yake mtarajiwa. Hana ubaya, ni mtoto wa mzaha tu.

Jacklyne, binti wa mlango wa pili, hakucheka. Aliomba waizungushe tena. Akaweka bisibisi ndefu juu ya chuma, mpini akauegemeza sikioni, macho akafumba. Msichana mfupi, hata begani kwa Munyoki hafiki, lakini uani kote pakawa kimya.

"Hewa imeingia kwenye njia ya mafuta," akasema. "Pampu inavuta, haipati."

Akafungua nati mahali, mafuta yakatema povu, akakaza. Injini ikanguruma na magodoro ya watu yakatetemeka. Matheka akanigeukia, kwa kuwa alikuwa ameniona kitambo, akasema mbele ya wote, "Huyu ana masikio ambayo mimi nilinunua kwa miaka kumi."

Nimerudi nyumbani nikiwa na watoto wawili wa kujivunia. Maana Jacklyne nilimpeleka mimi. Alikuwa na kazi yake nzuri kiwanda cha mkate, wenyewe hawakutaka aiache. Nilimwambia mama yake, "Mwanangu yuko pale ndani. Mtoto wako hawezi kupotea mahali Matheka yupo." Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu, tukiwa kwenye waya.

Alhamisi, 13 Machi

Mawingu, hakuna mvua. Shati safi.

Jumanne, 18 Machi

Habari! Kampuni moja ya meli inataka mwanafunzi mmoja wa injini kutoka chuoni, aende akafanye mafunzo baharini. Mmoja tu. Bila kukaa melini, cheti cha chuo ni karatasi ya kufungia mandazi, Matheka mwenyewe husema hivyo. Na mwenye kutoa jina ni mwalimu wa injini.

Nikamwuliza, "Ni nani?"

Akasema, "Mama, unajua ni nani."

Mimi huyo nikatoka. Mama Jacklyne alikuwa akikamua shuka, nikashika upande mmoja tukakamua pamoja, nikamwambia. Akaiachia shuka ikaanguka matopeni. Yeye huniita Min Matheka, yaani mama wa Matheka, kwa Kijaluo chao. "Min Matheka, usinichezee." Nikamwambia, "Nimekuchezea lini?"

Jumamosi, 22 Machi

Kwa wakwe hakuna habari njema. Mutheu ni msichana mzuri, muuguzi, ananiheshimu. Tunachotaka ni kupeleka mbuzi wa ntheo kwao Kangundo, maana bila hao mbuzi Mkamba hawezi kusema ameoa hata akiwa na wajukuu. Sasa mjomba wao anakaza shingo. Mara tusubiri mavuno, mara ukoo haujakaa. Munyao, ndugu ya marehemu mume wangu, ndiye msemaji wetu. Amerudi kutoka kule amechoka. "Shemeji, wale wanatutazama kama watu waliokuja kuomba maji."

Nimemwambia Matheka, "Wewe ni injinia wa meli, unashindwa na mzee mmoja wa Kangundo? Fanya bidii, mimi nataka mkwe."

Jumapili, 30 Machi

Wamekubali! Mjomba mwenyewe alipiga simu juzi, sauti laini kama ugali wa moto. Ntheo ni tarehe tatu Mei. Mama yake Mutheu, Kavindu, naye amenipigia: "Dada, kijana wako ana moyo. Ametuonyesha yeye ni mtoto wa nyumba hii." Nikamwambia amelelewa, hakuokotwa.

Halafu leo baada ya kanisa Mzee Caleb alimwalika Matheka kumshukuru kwa habari ya Jacklyne. Mama Jacklyne alipika samaki wa nazi, akafanya ugali wa wimbi, akatoa sahani zake za wageni. Mzee Caleb akasimama na kusema, "Mimi nilizibua mabomba ya garimoshi maisha yangu yote na sikuvuka Kisumu. Mtoto wangu ataona bahari kwa mkono wa mtoto wa Nzau." Matheka aliinamia sahani yake. Nikasema moyoni, tazama mtu mkubwa asiyejikweza. Alipewa kichwa cha samaki, akakila.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Mvua ya kweli, ya kupiga mabati. Shati limekauka nusu, nikalimalizia kwa pasi kabla stima haijapotea.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Matheka amepita haraka, hakukaa kwa chai. Jacklyne naye alipita akanisalimu, "Niaje Anti, mwalimu amekuambia kitu kuhusu safari? Darasani hasemi." Nikamwambia meli si teksi, asubiri.

Jumamosi, 5 Aprili

Imefika! Ovaroli ya kampuni ya meli, mpya, ya rangi ya chungwa, mistari ya kung'aa kifuani na mgongoni jina la meli. Matheka aliiacha kwenye mfuko asubuhi mimi nikiwa Kariokor, na ujumbe kwenye simu: "Mama, fua hiyo ovaroli ilainike, na miguu uirekebishe. Asante." Mtu wa kazi nyingi, hata maneno anayabana.

Nimeitandaza kitandani. Wanaume wa melini nadhani hushonewa kama nguzo za stima. Nikalichukua gauni la Jacklyne lililokuwa kwenye waya, nikapima. Nikafua, nikakata kitambaa cha ziada, nikapinda, nikapitisha uzi mara mbili kama ninavyopitisha ngozi ya vyondo, haung'oki huo. Kesho naanika. Ee Mungu, nipe jua la asubuhi moja tu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimepewa jua.

Niliiweka katikati ya waya, mikono imetanuliwa, kila mkono kibanio chake. Rangi ile ilionekana mpaka barabarani. Vijana waliokuwa wakiosha pikipiki wakapiga kelele, "Mathe, hiyo ovaroli ni ya nani? Imeshika moto!" Nikajibu kwa sauti ya kanisani, "Ya injinia Jacklyne, wa Mzee Caleb!"

Mama Jacklyne alitoka na povu mikononi. Akasoma jina la meli polepole, kwa kidole. Kisha akapiga kigelegele, na mlango baada ya mlango kina mama wakamjibu, hata wale tusiosemezana. Jacklyne aliitwa, akavalishwa juu ya gauni lake pale pale. Imemkaa kama ngozi. Mzee Caleb alimzunguka, akamfunga kifungo kimoja kilichokuwa wazi.

Nimewahi kufurahi. Lakini leo!

Jumanne, 8 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na shati, maana nilikuwa nikilipiga pasi.

Matheka aliingia saa sita akitoka chuoni, amelowa. Hakukaa. Akasema, "Mama, Jacklyne amenishukuru mbele ya darasa. Amesema ovaroli imemkaa vizuri. Ovaroli gani?"

Nikasema, "Si hiyo uliyoniletea?"

"Umeifanya nini?"

"Nimeipunguza miguu. Uliniambia nirekebishe."

"Nilisema urekebishe, Mama! Miguu ilikuwa mifupi, nilitaka uiteremshe!"

Nikacheka. Nilicheka kweli, nikifikiri anatania. Nikamwambia, "Iteremke iende wapi? Miguu ya Jacklyne nimeijua tangu akitambaa."

Akasema, "Hiyo si ya Jacklyne."

Pasi ilikuwa mkononi mwangu. Nikaiweka chini, nikaisimamisha vizuri. Nilikuwa nikingoja aseme ni yake mwenyewe, kwamba amepata meli mpya. Yeye naye ni mrefu. Nilitaka aseme hivyo.

"Ni ya Munyoki," akasema.

"Munyoki yule wa helikopta?"

Mvua ikapiga mabati. Nikamwambia, "Matheka, kaa." Akakaa kwenye kile kigoda alichokuwa akikalia kufanyia hesabu za shule. Akaniambia yote huku akitazama sakafu. Kwamba alipokwenda Kangundo mwenyewe, baba yake Mutheu alimwuliza, "Na huyu kijana wetu, unamwacha wapi?" Hawakusema zaidi ya hapo. Kwamba alirudi akaandika jina la Munyoki. Na baada ya hapo mjomba akapiga simu.

Nikamwuliza, "Uliandika lini?"

"Ijumaa ile mjomba alipopiga simu."

Ijumaa ile. Jumapili yake ndiyo alikula samaki. Mzee wa watu alisimama na kutoa hotuba, mwanangu akiwa amekwisha kuandika. Akainamisha kichwa, nami nikaita unyenyekevu.

"Ungeniambia hata mlangoni," nikasema. "Kabla hujaingia kula."

"Ningesemaje? Wewe ulishatangazia mtaa mzima." Akanyanyua macho. "Na ni wewe uliyenisukuma, Mama. Kila siku mkwe, mkwe, mkwe. Sasa umempata."

Nimeyaandika maneno yake kama yalivyotoka, nisije nikayalainisha kesho. Nilitaka mkwe, ndiyo. Sikumwambia amtoe mtoto wa jirani amweke mezani.

Nikamwambia aende nyumba ya pili aseme mwenyewe. Akasema ana mkutano mjini. Alichukua shati likiwa mkono mmoja haujapigwa pasi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda mimi.

Mama Jacklyne alikuwa akichambua mchele. Nilimwambia nikiwa nimesimama, hata kiti sikukitaka. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Mtoto alikuwa na kazi yake ya mkate."

Nikasema najua.

"Alikuwa akituletea mkate wa moto kila asubuhi, hata wewe ulikuwa ukila."

Nikasema nakumbuka.

"Ulisema yuko pale ndani."

Hakupaza sauti. Angenitukana ningepata pa kushika. Jacklyne alitoka chumbani na ovaroli imekunjwa kama ya dukani. Akasema, "Anti, chukua." Nilikataa. Akaiweka juu ya meza, tukaitazama wote watatu, kisha nikatoka.

Ijumaa, 11 Aprili

Sikwenda Kariokor. Nilivaa nguo yangu ya kitenge ya sherehe nikapanda zile orofa tatu kumwona mkuu wa chuo, Kapteni Wahome. Mzee wa ndevu nyeupe, mstaarabu, aliniletea kiti mwenyewe.

Akasema, "Mama, mimi nilikuwa mtu wa usukani. Mambo ya injini namwachia injinia. Jina alilotoa ndilo tulilopeleka."

"Na akisema alikosea?"

Akasogeza kiti chake karibu. "Akija mwenyewe hapa akaniambia hivyo, nitalibadilisha. Bado hawajakata tikiti. Wiki ijayo watakuwa wamekata. Lakini aje yeye. Siwezi kubadilisha jina kwa sababu mzazi amekuja. Nikianza hivyo sitafunga huu mlango."

Nilishuka ngazi mbio kama msichana. Nikampigia Matheka simu, akaja. Nililia. Sikuwahi kulia mbele yake tangu tumzike baba yake. Akanishika mikono akaniita mwaitu, kama alivyokuwa akiniita alipokuwa mdogo, kabla shule haijamfundisha mama. "Mwaitu, usilie. Nitaenda Jumanne. Nitamwambia Kapteni nilikosea."

Nikamwambia apande kwa moyo safi, na kwa wakwe nitasimama naye. Nikamfungia muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, aende nao.

Na mimi, na huu mdomo wangu, nilikwenda kwenye waya nikamwambia Mama Jacklyne, "Jumanne anarekebisha." Alinitazama. Akasema, "Sawa, Min Matheka." Akanisaidia kukamua blanketi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimelipiga pasi lile shati mpaka kola inasimama yenyewe. Mungu anaona.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekaa dirishani. Hajapita.

Jumatano, 16 Aprili

Jacklyne ndiye aliyeniletea habari, sio mwanangu. Alisimama nje chini ya mwavuli, hakutaka kuingia. "Anti, jana mwalimu alifundisha pampu ya maji ya chini ya meli. Alifundisha vizuri. Somo lilipoisha Kapteni alikuja uani akamwuliza, 'Mwalimu, una neno na mimi?' Mwalimu akasema, 'Hapana, Kapteni, mambo ni shwari.' Leo tikiti ya Munyoki imetoka."

Nikasema, "Alisema hivyo?"

"Nilikuwa nafunga nati, Anti. Nilikuwa hapo karibu."

Hata yeye alinionea huruma. Mtoto aliyenyang'anywa anamwonea huruma mama wa mnyang'anyi, na mimi nimeandika neno hilo na silifuti.

Kama angeniambia hapana pale pale, ningejua nina mtoto mgumu. Lakini alinishika mikono. Aliniita mwaitu.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nilipotoka kuanika, nilikuta upande wa Mama Jacklyne mtupu. Nguo zake ziko kwenye waya wa mwisho kabisa, karibu na choo cha zamani, mahali moshi wa jiko la mandazi unapopita. Afadhali moshi kuliko waya wetu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mama Ndinda aliuliza habari za injinia wangu. Nikamwuliza habari za Amerika.

Alhamisi, 24 Aprili

Munyoki amekuja mwenyewe, amelowa chapachapa. "Mathe, naomba ile ovaroli. Nasafiri wiki ijayo." Nikamwambia iko mlango wa pili, akaiombe. Akasimama akikuna kichwa.

"Mathe, mi sikuomba hii kitu, naapa. Niliambiwa tu, pakia nguo. Hata injini zenyewe mimi huziogopa."

"Umewaambia hivyo kwenu?"

"Mzee ataniua."

Nilimpa chai, maana ni mtoto wa watu na alikuwa akitetemeka. Kisha akaenda mlango wa pili. Nilisikia Jacklyne akimwambia, "Jaribu basi." Aliingiza miguu mlangoni pale, suruali ikafika chini kidogo ya goti. Vijana wa pikipiki wakacheka, "Buda, hiyo ni kaptula!" Hata yeye akacheka. Akaivua akamrudishia Jacklyne, akasema, "Hii ni yako. Nitawaambia ilipotea kwa dobi."

Jacklyne hakucheka, wala hakuikataa.

Jumamosi, 26 Aprili

Munyao ametoka Kiamaiko kuchagua mbuzi. Anasema ni wanono, wanang'aa. Nikamwambia mbuzi waende, mimi siendi.

"Shemeji! Mama wa bwana harusi haendi? Nitasema nini kule?"

"Sema nafua."

"Shemeji, mbuzi hawana kosa. Mutheu hana kosa."

Ni kweli, na Mutheu nimempigia simu nikamwambia hivyo. Alilia. Anasema hakujua mpaka alipoona tikiti ya kaka yake. Nimemwamini. Nimemwambia atakapokuja nyumbani kwangu atapikiwa kama mtoto wangu, lakini kwenye uwanja wa baba yake sitasimama kuimba, kwa sababu najua kilichowatangulia wale mbuzi.

Jumamosi, 3 Mei

Wamekwenda. Matheka alipita asubuhi na suti. Alisimama mlangoni.

"Mama, hata leo?"

Nikasema, "Nenda mlango wa pili kwanza. Useme. Halafu nitavaa, dakika moja tu nitakuwa tayari. Nguo iko pale." Na kweli ilikuwa pale, nilikuwa nimeitandaza kitandani. Nilitaka aende. Nilimwomba Mungu aende. Ni hatua chache tu, ng'ombe angeweza kuzivuka.

Alitazama ule mlango. Mzee Caleb alikuwa amekaa nje akikarabati redio yake, akainua kichwa, akamwamkia, "Habari ya asubuhi, mwalimu." Kwa adabu, kama mtu anavyomwamkia karani.

Matheka akajibu, "Nzuri, Mzee." Akageuka akaenda kwenye gari.

Nikaikunja ile nguo.

Jumatatu, 5 Mei

Wanasema ntheo ilifana. Munyoki alipanda ndege jana. Namwombea asidhurike, mtu asiyejua injini yuko ndani ya injini.

Jumanne, 13 Mei

Muhula unaisha. Kampuni imemwita Matheka, ataondoka mwezi huu, na chuo kitatafuta mwalimu mwingine wa muda. Ameleta shati la mwisho nimfulie, liende kabatini. "Kama kawaida, Mama," akasema, akanibusu kichwa. Ni mwanangu. Harufu yake naijua. Lakini nilipokuwa nikimtazama akienda nilijikuta nakagua mgongo wake, kama ninavyokagua kiondo cha mtu nisiyemjua, kuona kimelegea wapi.

Jacklyne amepata kibarua karakana ya jenereta, Industrial Area. Kapteni Wahome amemwandika wa kwanza kwa nafasi nyingine, ikija. Hajui itakuja lini, na hakumdanganya.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imekatika. Jua kali, anga imeoshwa, estate nzima imetoka na mabeseni.

Nimelifua shati. Kola nimeisugua, mistari ya dhahabu nimeipitisha kwa kidole kama zamani. Nikatoka nalo mpaka kwenye waya, kibanio mdomoni. Waya wote ulikuwa wangu, mweupe, na jua lote. Nikasimama. Kisha nikarudi ndani, nikaliangika nyuma ya mlango, juu ya ndoo, likawa linadondoka.

Saa nne hivi Jacklyne alitoka na ovaroli yake, ile ya chungwa, nyeusi kwa grisi za wiki. Ameifua kwa jiki, dawa ya kutoa madoa, na bado ina madoa. Kule mwisho kwa mama yake nguo zilikuwa zimejaa. Akatazama huku. Nilijifanya nachambua maharagwe. Akaja akaianika katikati, mikono imetanuliwa.

Kuna mama mgeni amehamia nyumba ya kona, hajui watu. Alipita na beseni akaniuliza, "Dada, hiyo ovaroli ya melini ni ya mwanao? Nasikia una mwana injinia."

Mama Jacklyne alikuwa kule mwisho, mgongo umetugeukia, shuka mkononi. Nilimwona ameacha kukamua.

"Injinia ni wa mlango wa pili," nikasema. "Msichana. Yangu ni hiyo mishono ya miguuni tu."

Mama Jacklyne hakugeuka. Ila ile shuka ilikuwa kubwa, na peke yake haikamuliki. Nikaweka maharagwe chini, nikaenda mpaka kule kwenye moshi, nikashika upande mmoja. Hakusema Min Matheka. Lakini hakuiachia, tukakamua.